Alama Kumi na Nne za Buti

Chumba cha nyuma, kwa Shangazi yako
Tarehe 3 Februari

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa hasira. Kurasa nne za sakafu, na mstari mmoja wa kuniuliza kama ninakula! Ninakula. Shangazi yako ananisimamia kwa kijiko kama askari wa zamu.

Anasema pia ningekupigia simu. Nipige kwa kitu gani? Daktari alipomaliza kunichokonoa koo alisema sauti itarudi. Haijarudi, na nadhani yenyewe imeona mbali kuliko daktari. Basi tutaandikiana. Mkono bado ni mzima, ingawa herufi zangu sasa zinatetemeka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Tuje kwenye mambo yako. Unataka nyumba iwe tayari ili nirudi kupumzika humo, na unasema sakafu imechakaa, inatoa vumbi, na vumbi litanimaliza kifua. Kwa hiyo isuguliwe, ipakwe dawa ya rangi, kisha izibwe kwa sila, ile vanishi ya sakafu, ili ipigwe deki bila kuacha unga. Vizuri. Vyumba vya kulala, endelea. Jikoni, endelea. Ukumbini pia. Sebuleni usiguse.

Nina sababu. Kwanza, dawa ile ya tindikali hushika kwa kuungana na chokaa iliyomo ndani ya saruji, na saruji ya miaka arobaini imechoka, haina cha kutoa. Nilifundisha kemia, najua ninachosema. Pili, sebule ina giza, rangi haitaonekana. Tatu, unaweza kutandika zulia. Nne, mimi ndiye mwenye nyumba.

Unauliza kama umwandikie kaka yako aje kusaidia kunibeba. Mwandikie. Hatakuja. Kwenye msiba wa mama yenu alikaa uani siku tatu na unyayo wake haukuvuka kizingiti. Miaka arobaini mtu amenuna! Sijui kichwa kigumu kile alikirithi wapi.

Zulia, Chiriku. Tandika zulia.

Baba yako

*

Nyumbani
Tarehe 9 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika nikiwa nimeshaanza na sebule, kwa hiyo usinigombeze. Nigombeze kwa mengine yajayo. Na zulia ndilo nyumba ya vumbi. Daktari wako mwenyewe alisema zulia marufuku.

Baba, hii sakafu itaniua kabla yako. Fundi niliyempata ni mwanamke, watu wanamwita Mama Msasa, na jina limemkaa. Alipiga magoti sebuleni, akadondosha matone ya maji hapa na pale. Kwingine maji yakanywewa. Katikati yakasimama juu kama shanga. Akaniambia, "Dada, hapa kuna nta ya kutosha kutengeneza mishumaa ya kijiji kizima. Dawa haitapenya." Nikakumbuka Mama, kila Jumamosi magotini na kopo lake la nta na kitambaa, akisugua katikati ya sebule mpaka nywele zinamwanguka usoni. Tumekwangua siku tatu. Mgongo wangu si wangu tena.

Jana tukapaka dawa. Ikatoka povu, ikanuka, Mama Msasa akasema hiyo ndiyo dalili nzuri. Leo asubuhi tukaiosha kwa maji ya magadi kuipoza tindikali. Sakafu imekuwa ya kahawia, Baba, nzuri, kama ngozi ya kiatu kilichotunzwa. Nikataka kupiga vigelegele. Halafu Mama Msasa akaniita. "Dada, njoo uone. Humu kapita mtu."

Ni alama za buti! Zimebaki za kijivu, hazikushika rangi hata chembe. Nimezihesabu, kumi na nne. Saba zinatoka mlangoni kwenda dirishani, saba zinarudi. Zile zile, Baba! Sakafu ikiwa mbichi, na Kaka akapita juu yake na buti zako za mpira, halafu akakataa kuwa ni yeye huku buti anazo miguuni. Nilikuwa na miaka sita lakini nakumbuka kama jana, Mama ameshika kichwa, Kaka amesimama ukumbini na saruji imeganda kwenye soli. Wewe ukaniuliza, "Umemwona kaka yako na buti?" Nikasema nimemwona. Nilijua ulizijaza siku ile ile. Sikujua kwamba ulichojaza kitanikodolea macho leo.

Na mguu wa kushoto umechepuka nje, kama unavyotembea wewe! Alikuwa akikuigiza mpaka mwendo. Kijana alikuwa na kipaji, angekitumia kwenye jambo la maana.

Tumepaka dawa mara ya pili kwenye alama. Wapi. Mama Msasa anasema saruji uliyojazia si sawa na ile nyingine, na nta imelala humo miaka yote. Kwa hiyo uongo wa Kaka wa miaka arobaini leo unanipigisha magoti mimi. Niambie ulijazia nini, labda tutapata dawa yake.

Mwanao aliyechoka,
Chiriku

*

Chumba cha nyuma
Tarehe 14 Februari

Chiriku,

Nilikuambia usiguse.

Kodi grenda. Saga sebule yote, kutoka ukuta hadi ukuta, milimita tatu kwenda chini au nne. Ikishindikana, bandika vigae. Mwambie huyo Mama Msasa afanye kazi aliyoitiwa aache kuita watu waje kuona. Nilijazia saruji tupu na maji, kwa mwiko wa kuazima. Hakuna dawa ya kitu hicho.

Na jambo jingine. Usimwite kaka yako mwongo katika barua unazoniandikia mimi. Yametosha.

Ninalala kwenye kitanda alichokuwa akilala yeye alipokuwa hapa kwa Shangazi. Ni kifupi, miguu yangu inatoka nje. Nimemwambia Shangazi yako anitafutie kingine, anasema kaka yako alikilalia miaka sita na hakulalamika.

Grenda, tafadhali, wiki hii.

Baba

*

Nyumbani
Tarehe 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nilikwenda kukodi grenda. Mama Msasa akaiweka chini, akaikalia kama kigoda, akakataa kuiwasha.

"Dada, nikishafuta nimefuta. Niambie kwanza nafuta nini."

Nikamwambia. Utundu wa kaka yangu, miaka kumi na moja, buti za baba yake. Akanitazama kama anayetazama mtu aliyepaka sila kwenye mvua.

"Huyo kaka yako alikuwa jitu?"

"Alikuwa akimfikia mama yetu hapa," nikamwonyesha, chini ya bega.

"Mimi nimelea wanne. Mtoto akivaa buti za baba yake hatembei, anaburuta. Mguu unaogelea humo ndani, kisigino kinachora mstari. Hebu tazama hizi. Kuna mstari? Mtu huyu kainua mguu, kaushusha. Na tazama anavyokwenda! Hizi ni hatua za mtu anayewahi kazini."

Baba, nilicheka. Halafu nikaleta futi kamba. Sentimita themanini na nane kutoka kisigino hadi kisigino. Hatua ya pili themanini na nane. Ya tatu themanini na saba. Nikavua ndala, nikajaribu kuzifuata. Mimi, mama mzima, nilikuwa nikirukaruka kama mtu anayevuka madimbwi. Nilipofika dirishani nilikuwa nahema.

Nimekaa hapo chini ya dirisha mpaka Mama Msasa akaniletea maji.

Nimewaza sana. Nimewaza labda ni yule fundi aliyeipiga sakafu zamani, alirudi kuchukua kitu chake. Niambie ni fundi, Baba. Nitakuamini. Niambie ni mwizi aliyekuta buti mlangoni. Nitajitahidi kuamini hata hilo. Maana mimi ndiye niliyesema nimemwona, na nimeendelea kusema miaka yote hii. Sikwenda kwenye harusi yake, kwa sababu ulisema mtu asiyeweza kutamka neno moja la kweli hastahili kuchezewa ngoma. Nimemwita mwongo mbele ya mke wake.

Hizo hatua ni za nani?

Binti yako

*

Nyumbani
Tarehe 1 Machi

Baba,

Siku tisa. Shangazi ananiambia kwenye simu kwamba unakula na unaandika, na kwamba unachana unachoandika. Kapu limejaa, anasema.

Acha kuchana. Mwalimu aliyekuwa akituchapa kwa kutomaliza kazi ya nyumbani hawezi kuniachia swali moja wazi. Grenda imerudi ilikotoka. Sebule nimeifunga kwa ufunguo na sizipaki hizo alama kitu chochote mpaka unijibu.

Chiriku

*

Chumba cha nyuma
Tarehe 6 Machi

Mwanangu Chiriku,

Ni zangu.

Kapu zima limekwenda katika kutafuta namna ya kuandika maneno hayo mawili, na tazama yalivyo mafupi. Sasa nisikilize, na usinihurumie kwa kuwa ninakufa. Ukinihurumia utanikera.

Wakati ule nilikuwa mwalimu mkuu kwa mwaka wa kwanza, na nilikuwa mwalimu mkuu hata nikiwa bafuni. Siku ya kupiga niru, ile saruji laini ya juu, sebuleni niliingia asubuhi kumfundisha fundi kazi yake. Nikavua miwani ili nijipanguse vumbi la saruji usoni, nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, nikaondoka. Fundi akaanzia dirishani, akasawazisha kwa mwiko akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, kazi safi kama kioo. Alipoondoka nikabandika karatasi mlangoni: ASIKANYAGE MTU SIKU SABA. ATAKAYEKANYAGA ATAJUTA. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika "Mwalimu Mkuu". Kwenye mlango wa sebule yangu. Mama yenu alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikanuna.

Jioni ndipo nilipokumbuka miwani. Dirisha lilikuwa limekomewa kwa ndani, lina nondo. Nilikuwa na madaftari ya mtihani ya kusahihisha. Mtu mwingine angesema, jamani, nimesahau miwani, tufanyeje. Ningesema hivyo, mama yenu angecheka tena. Basi nikalala bila kusema.

Asubuhi na mapema, kabla hamjaamka, nikavaa buti. Nikabonyeza niru kwa kidole pale kwenye kizingiti cha mlango, ikawa ngumu. Mimi mwalimu wa sayansi sikujiuliza kwamba pale ni pembamba na pana upepo. Hatua ya kwanza ilishika, ya pili pia ilishika. Ya tatu nikasikia mguu unazama kidogo, kama unavyozama kwenye mkate, na nikajua. Lakini nilikuwa nimeshaharibu, nikaona afadhali nipate miwani. Nikaenda mpaka dirishani, nikarudi, nikavua buti kwenye mlango wa nyuma, nikaingia bafuni kufikiri.

Nilitoka nikiwa nimeamua kusema. Nataka uamini hilo, ingawa halinisaidii. Lakini mama yenu aliwahi kufungua mlango, akapiga kelele, na kaka yako akaja mbio kutoka uani. Alikuwa akienda kufungulia kuku. Alikuwa amevaa buti zangu, kama kawaida yake, na saruji mbichi imo kwenye soli.

Mama yenu akatazama alama, akatazama buti, akasema, "Umemwona mwanao?"

Nikasema, "Nimemwona."

Kwa kweli nilikuwa nimemwona, amesimama mbele yangu. Ndivyo nilivyojiambia siku ile, na mwalimu wa kemia anaweza kukaa ndani ya neno kama hilo muda mrefu. Kisha nikakuuliza wewe swali lile lile, kwa namna ambayo mtoto wa miaka sita asingeweza kulijibu vingine. Hukusema uongo, Chiriku. Uliulizwa na mtu aliyejua kuuliza.

Nilimpiga fimbo kumi na nne, moja kwa kila alama. Alikataa. Nikamwambia, na haya nilikuwa nikiyasema kwa utulivu, "Sikupigi kwa kukanyaga. Nakupiga kwa kusema uongo." Mwezi mzima alikataa. Nikaona haya kumtazama, na haya yale nikayaita hasira. Basi ukafika uamuzi kwamba apelekwe kwa Shangazi yenu mpaka ajifunze ukweli. Sharti lilikuwa moja: aandike sentensi "Ni mimi niliyekanyaga sakafu", atie sahihi, arudi nyumbani.

Siku ya safari mama yenu alikuwa akikunja nguo zake. Akasema bila kuniangalia, "Jioni ile ya niru niliiona miwani yako dirishani, nikiwa nje. Asubuhi yake ilikuwa puani pako." Nikamwambia, "Fungasha nguo za mtoto." Hakulisema tena mpaka kufa. Alinunua kopo la nta, akaanza kusugua alama kila Jumamosi. Mimi nilikaa kwenye kiti na gazeti langu, nikiinua miguu apite. Ndiyo nta uliyokwangua siku tatu.

Ningenyamaza hata sasa. Ningekufa kistaarabu na vigae juu. Lakini droo ya chini ya kabati hili ilikuwa haifunguki, na wiki iliyopita nilitaka mahali pa kuweka soksi, nikaivuta kwa nguvu. Zimo barua alizokuwa akiniandikia, thelathini na moja. Kila moja inamalizika kwa maneno "Si mimi, Baba." Na kila moja imesahihishwa kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu. Nukta hapa, herufi kubwa pale, kisha nikazirudisha. Kwenye moja nimeandika chini, "Mwandiko unaendelea vizuri." Mwanangu, nilizisoma zote nimekaa kitandani mwake na soksi mkononi.

Nimemwandikia yeye haya yote pia, neno kwa neno, na leo imekwenda posta. Sitegemei kitu. Wewe usisage, usipake, usibandike. Ziache zilivyo. Na usimwambie Shangazi yako nilichoandika. Nadhani amejua tangu siku mtoto alipofika mlangoni kwake. Ndiyo maana ananikabidhi uji kwa namna ile.

Baba yako

*

Tarehe 15 Machi

Baba,

Barua yako imefika. Nimeisomea garini, mbele ya geti langu, na nikakaa humo mpaka mke wangu akatoka kuniuliza kama gari limekufa.

Nina miaka hamsini na mmoja. Unajua ninachokasirikia? Si fimbo. Nilikuwa nimeshaanza kuamini labda ni mimi. Kuna usiku hapo kwa Shangazi, kwenye hicho kitanda unachokiona kifupi, nilikuwa nikijiuliza kama mtu anaweza kukanyaga sakafu akiwa usingizini. Mara mbili niliandika ile sentensi yako. Mara mbili niliichana. Laiti ningeituma, ningekula chakula cha mama yangu miaka sita zaidi. Nilichokikosa kwa kusema kweli, wewe ulikuwa ukikila kila siku.

Wanangu wakisema "si mimi", nawaamini hata wakiwa na sukari mdomoni. Mke wangu anasema nimewaharibu. Huenda.

Nilichukua kalamu nyekundu ili nikurudishie barua yako jinsi ulivyokuwa ukinirudishia zangu. Nimesahihisha mahali pamoja tu. Umeandika "ukafika uamuzi kwamba apelekwe". Uamuzi ulifika na basi la saa ngapi? Nimekata. Nimeandika "nikampeleka". Ukurasa huo nimeutia ndani ya bahasha hii, utautazama.

Sijui kama nitakuja. Usikae kunisubiri mlangoni.

(bila sahihi)

*

Nyumbani
Tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu sebuleni hakuingiliki, na mwenye kosa safari hii ninamjua.

Nilifanya ulivyosema. Alama tumeziacha. Mama Msasa alinung'unika kwamba jina lake litaharibika, nikamwambia hakuna atakayeulizwa, akasema, "Dada, mimi nitaulizwa na nafsi yangu." Hata hivyo alifanya kazi ya kujivunia. Sila mkono wa kwanza juzi, mwembamba, kwa rola. Mkono wa pili jana asubuhi. Kahawia ikaiva, ikang'aa, na zile za kijivu zikang'aa nazo, kumi na nne, kana kwamba ziliwekwa kwa makusudi. Mama Msasa akaegemeza ubao mlangoni: RANGI MBICHI, USIKANYAGE, SIKU TATU. Hakutia sahihi.

Leo saa nne hivi gari likasimama nje. Baba, alikuwa Kaka. Hakupiga simu wala nini. Mvi kichwa kizima, na anatembea kama wewe, mguu wa kushoto nje. Hilo hakuliigiza, masikini, alizaliwa nalo.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu nisome barua yako. Nikamkuta uani, nikayasema yote kwa mpigo, naomba radhi, nilikuwa mtoto, sikujua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulikuwa na miaka sita. Hilo limekwisha." Nikashusha pumzi. Akaongeza, "Kwenye harusi yangu ulikuwa na ishirini na minane."

Kisha akaingia ndani. Alivuka kizingiti bila kusitasita, mimi ndiye niliyesita. Akapita ukumbini akigusa kuta. Akafika mlango wa sebule, akausoma ule ubao, akazitazama alama. Alizitazama muda mrefu, na midomo ilikuwa ikisogea; nadhani alikuwa akihesabu. Halafu akainama, akavua viatu, akavua soksi, akaziweka ndani ya viatu vizuri kama anavyofanya mtu anayeingia kulala.

Mama Msasa ndiye aliyeelewa kwanza. "Wee! Wee kaka! Usithubutu! Una wazimu? Sila hiyo ni ya jana!"

Akauvuka ubao, akapita. Miguu mitupu. Alikwenda taratibu kando ya alama zako, hakukanyaga hata moja, na kila alipoinua unyayo sila ikawa inalia kama gundi. Mama Msasa akajishika kichwa jinsi alivyojishika Mama. Mimi nikapiga kelele, "Kaka, sakafu!" Miezi miwili ya magoti yangu! Hakugeuka. Alipofika dirishani akaweka mkono pale kwenye kizingiti, kisha akarudi. Hatua tisa kwenda, tisa kurudi. Ana miguu mifupi kuliko yako.

"Tutaisugua," Mama Msasa akasema. "Msasa mwembamba, mkono mmoja tena, haitaonekana."

"Usiiguse, mama," Kaka akamwambia. "Hizo ni zangu."

Akaketi pale ukumbini akikwangua sila nyayoni kwa kijiti, na Baba, alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na mimi sikujua nilie naye au nimpige kwa ufagio. Mama Msasa amesusa chai. Amekaa nje anaiambia ndoo yake kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajaona ukoo kama huu.

Kaka ameomba karatasi akuandikie. Nimeweka ndani ya bahasha hii bila kuisoma. Nilitaka kusoma, akanitazama.

Binti yako,
Chiriku

*

Nyumbani
Tarehe 24 Machi

Baba,

Ni mimi niliyekanyaga sakafu.

Tunakuja kukuchukua Jumamosi, mimi na Chiriku. Usisahau miwani.

Mwanao